Pilipili Mbuzi Juu ya Televisheni

Umoja, Nairobi
19 Aprili 1979

Mwanangu Muhiba,

Nimefika salama. Mahmud alinipokea steshini, akanivua buibui lililolowa mvua akanivisha koti lake pale pale mbele ya watu, maana meno yalikuwa yakigongana. Nyumba ya nduguyo ni nzuri. Ina ua mdogo wa saruji, maji ya mfereji yako ndani, na mkewe Lela amenipa chumba cha mbele na blanketi mbili. Hayo ndiyo mazuri. Sasa nikwambie mabaya.

Watu wa hapa hawali, wanashiba tu. Chakula kinachemshwa, kinatiwa chumvi, basi. Nilimwomba Lela pilipili, akaniletea kitu cha sokoni, chembamba, kirefu. Nikakiuma, nikangoja. Mpaka leo nangoja. Na Mahmud, mtoto niliyemlea kwa samaki wa kupaka, siku hizi anakula wali na maharagwe huku anasoma gazeti. Nikamuuliza, "Mwanangu, wajua unachokula?" Akasema, "Mama, nimechoka." Nilimuuliza chakula, akanijibu uchovu!

Bahati njema nilifunga mbegu za pilipili mbuzi kwenye pembe ya leso. Najua mwezi mmoja hautoshi kuvuna, lakini nitazisia, nikirudi nimwachie Lela miche.

Waambie mafundi wa paa wasijivute. Nataka nifunge Ramadhani chumbani kwangu. Na kitanda changu kifunikeni, vumbi la mabati si la kucheza nalo. Msalimie mume wako Jumbe.

Mama yako,
Zaitun binti Abdurahim


Umoja, Nairobi
28 Mei 1979

Dada Muhiba,

Uliniambia mwezi mmoja. Nimeitafuta ile barua yako nikaisoma tena: "mwezi mmoja, mpaka paa liishe." Nyinyi huko mnajenga paa la nyumba au la uwanja wa mpira?

Sikiliza yaliyonipata. Mama alisia mbegu zake kwenye mikebe ya rangi niliyomletea kutoka kiwandani kwetu Baba Dogo. Mvua ikanyesha, udongo ukawa baridi kama barafu, mbegu zikaoza. Akasia tena, zikaoza tena. Mtu mwingine angesema basi. Mama akaanza kuzunguka nyumba yangu akigusagusa vitu kwa kiganja, anatafuta joto. Aligusa ukuta, akagusa kabati, akagusa taa. Halafu akagusa televisheni.

Dada, ile televisheni bado nailipia. Nikirudi kazini jioni naikuta imewashwa, inaonyesha chenga tupu kwa sababu vipindi havijaanza, na mama ameipa mgongo, anachambua mchele. Juu yake kuna sahani yenye kitambaa kibichi. Nikamwambia, "Mama, hiyo si ya kuwashwa mchana kutwa, na hata hutazami." Akanijibu, "Sitazami. Naotesha."

Wiki iliyopita maji yakapenya. Kukatoka mlio, moshi, harufu ya waya. Nilimwita fundi Okoth kutoka Mowlem. Akafungua mgongo wa televisheni, kisha akaniita nije nione: mbegu mbili zilikuwa zimeota humo ndani, zimesimama kabisa, na majani yake. Unajua mama alisema nini? Hakusema pole. Alisema, "Si nilikwambieni pana joto?"

Sasa miche anayo, televisheni hatuna. Mimi navumilia, ni mama yangu. Lakini Lela hawezi kuendelea hivi. Hasemi, ila namwona. Tafadhali maliza hilo paa.

Nduguyo,
Mahmud


Majengo, Mombasa
9 Juni 1979

Mahmud,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu katika nyumba hii sina mahali pa kukaa. Umemaliza kulia juu ya televisheni? Sasa nisikilize.

Hakuna paa. Paa ni zima, halivuji hata tone. Mama yake Jumbe ameanguka, nyonga imevunjika, na Jumbe alimleta hapa bila kuniuliza. Alimlaza chumbani kwa mama, kwenye kitanda cha mama. Mama alikuwa ameshapanda gari la moshi siku mbili kabla, na mimi ndiye niliyemwambia aende kupumzika mpaka paa litengenezwe, kwa sababu Jumbe alikuwa ameshaniambia anayekuja ni nani. Ulitaka nimwambie nini? Kwamba mkwewe ameamua?

Namlisha yule bibi kwa mkono. Hataki chumvi, hataki nazi, pilipili ndiyo kabisa, hata harufu. Nyumba nzima inakula uji. Usinifundishe uvumilivu.

Mama amekaa nami tangu baba afariki. Wewe uko Nairobi na mshahara wako, unatuma kadi siku ya Idi. Ni zamu yako. Mfanye akae, na usimwambie neno. Likimfikia litamvunja moyo, na atakayelaumiwa ni mimi.

Muhiba


Umoja, Nairobi
14 Julai 1979

Mwanangu Muhiba,

Jua la huku limekwenda likizo. Mwezi huu wote mawingu yamelala juu ya mabati, ukipumua unaona moshi unatoka kinywani kama mvuta sigara. Lakini miche yangu i hai, na nakwambia imekuwa kazi kama kulea pacha.

Mikebe nimeipaka lami, maana cheusi hunywa jua, hata hilo dogo likipatikana. Maji nawapa ya vuguvugu, kidogo, asubuhi. Ukiwapa jioni wanapata baridi ya mizizi, majani yanakuwa manjano. Upepo nauzuia kwa vioo nilivyookota walikobomoa dirisha. Jua likishuka naiingiza yote bafuni, kukipambazuka naitoa. Mahmud anapita katikati yao akiguna. Maguno sasa nimeyazoea.

Nimepata mtu. Anaitwa Asenath, mjane, kwao Bungoma. Ana jiko la mabati upande wa Mowlem, anawapikia wajenzi wanaojenga nyumba mpya huku. Nilipita kununua makaa, nikamkuta anasonga ugali wa watu wote wale peke yake. Nilikuwa na chupa yangu ya achari, ile ya mwisho niliyotoka nayo. Akaniuliza, "Mama, hii ni dawa ama ni chakula?" Nikamwambia aonje. Alichovya kidole, akalamba, akakaa chini kwenye gunia. Akafungua kitambaa cha kichwa. Akasema, "Yesu wangu!" Machozi yanamtoka. Nikadhani nimemuua mtoto wa watu. Kisha akanyoosha kidole kile kile, akachovya tena.

Basi tukapatana. Jiko lake lina ukuta wa matofali nyuma, na moto unawaka tangu alfajiri. Ukiweka kiganja kwenye ule ukuta utafikiri uko Mombasa. Akaniambia, "Leta mikebe yako ikae hapa na moto. Hapa hakuna mtu wa kuigombeza." Nimepeleka nusu.

Paa limefika wapi? Hukunijibu barua iliyopita. Ramadhani imekaribia.

Mama yako,
Zaitun


Majengo, Mombasa
25 Julai 1979

Mama yangu mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Paa bado. Yule fundi mkubwa alifiwa, akaenda kwao Kwale. Aliporudi, mabati yakawa hayapatikani mjini. Yalipopatikana yakawa mafupi. Sasa wanasema boriti moja imeliwa na mchwa, lazima itolewe yote, na chumba chako kiko wazi, mvua inaingia kama uani.

Kaa huko mwezi huu na wajukuu wako, baridi ni nzuri kwa mfungaji, hutapata kiu. Kitanda chako tumekifunika vizuri. Jumbe anakusalimu sana.

Ramadhani njema, mama. Nakukumbuka kila nikiweka sufuria motoni.

Binti yako,
Muhiba


Umoja, Nairobi
17 Agosti 1979

Dada Muhiba,

Nimefanya ulivyotaka. Nimenyamaza. Sasa mwisho wangu umefika.

Naoga nimesimama kwa mguu mmoja, kwa sababu mguu wa pili hauna pa kukanyaga. Jana nimejisabuni uso, nikapapasa ndoo, nikashika mche, tawi likavunjika kwa mlio. Mama alilia kule nje kana kwamba nimemnyonga mtoto, "Umevunja tawi lenye maua!" Na maua yenyewe yanaanguka kila siku kwa baridi, ila lililoanguka kwa mkono wangu ndilo lililohesabiwa.

Adhuhuri hayupo, yuko kwa huyo Asenath. Mama yetu, na saumu yake, anakaa kwenye jiko la wajenzi akigeuza mikebe ielekee ukuta! Msikitini wameshaniuliza, "Mahmud, mama yako amepata kazi?" Niliwaambia nini? Niliwaambia amekwenda kuota moto.

Idi ikipita namkatia tikiti ya gari la moshi. Sina budi, Lela amechoka. Huyo mama yake Jumbe mtafutieni kitanda kingine.

Mahmud


Umoja, Nairobi
3 Septemba 1979

Mahmud na Muhiba, wanangu,

Barua ni moja, nimeinakili mara mbili. Ya Mahmud naiacha chini ya kopo la sukari, ya Muhiba naitia posta njiani.

Karani wa sensa alipokuja, nilikuwa jikoni. Nilimsikia akiuliza majina, umri, kazi. Kisha akauliza, "Na yule mama?" Nikaisikia sauti yako, Mahmud. Haikuwa ya Lela. Ulisema, "Huyo ni mgeni. Anarudi kwao Mombasa." Karani akaandika, akashukuru, akachora namba mlangoni kwa chaki, akaenda zake.

Nikakaa na lile neno. Mombasa narudi wapi? Chumba changu analala mama yake Jumbe. Ndiyo, Muhiba. Nilikwenda harusini Pumwani mwezi wa saba, kabla ya kufunga, nikakutana na jirani yetu muuza mabuyu. Akaniambia alikwenda kumjulia hali mgonjwa, akakaa juu ya kitanda changu, akasifu mto wangu. Hakujua anachosema. Nikakaza uso, nikala biriani yangu. Nilikuwa nimeshakuuliza habari ya paa, nikangoja jibu. Ukaniletea fundi aliyefiwa, mabati mafupi, na mchwa. Nikasema niache nione, mwanangu atajenga paa hili mpaka lini.

Ungeniambia, "Mama, Jumbe amemleta mamake, nyonga imevunjika," ningelala naye chumba kimoja nikamkanda kwa mafuta ya nazi. Mimi na yeye tunafahamiana tangu kabla nyinyi hamjazaliwa. Lakini hukunipa nafasi ya kuwa mtu mwema.

Serikali imenihesabu, kwa hiyo nipo. Nyinyi wawili tu ndio mnaonipitisha mkono kwa mkono kama sahani ya moto.

Nimehamia kwa Asenath. Ana chumba nyuma ya jiko. Mikebe imetangulia, nami nimeifuata. Msinijie na maneno. Mmezoea kuandikiana juu yangu. Sasa mwenye neno na mimi aniandikie mimi. Barua zipitie sanduku la posta la kanisa analosali Asenath, namba ameiandika nyuma ya bahasha. Mchungaji wao ni mtu mwaminifu.

Mama yenu,
Zaitun


Umoja, Nairobi
10 Septemba 1979

Dada Muhiba,

Umefurahi sasa? Wewe na mchwa wako!

Nilikwenda siku ile ile. Kutoka kwangu mpaka pale hata jasho halikutoki. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, anapunguza majani ya chini kwa kucha, vizuri tu, ana furaha yake. Akaniambia, "Karibu, mwanangu," akanipa chai, akaniuliza habari za watoto. Nikasema nimepona. Nilipofungua mdomo kusema, "Mama, kuhusu ile sensa," akainua mkono. "Hilo niandikie."

"Mama, niko hapa mbele yako!"

"Nakuona. Niandikie."

Na yule Asenath anakoroga sufuria, hata hageuki, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

Kwa hiyo mimi, mtu mzima, karani wa stoo, natakiwa ninunue stempu, nipeleke barua posta mjini, irudi huku huku kwenye sanduku la kanisa, mchungaji ampe Asenath Jumapili, ili mama aliye ng'ambo ya barabara ajue kwamba nasikitika. Watu wa msikitini wamenyamaza sasa, na ukimya wao ni mbaya kuliko maswali.

Lela haniongeleshi. Sijui kwa nini. Nilidhani atashukuru kupata bafu lake.

Mahmud


Umoja, Nairobi
16 Septemba 1979

Mama,

Nakuandikia kama ulivyoamuru.

Neno "mgeni" lilinitoka tu. Yule karani alikuwa na haraka, nami nilikuwa na haraka. Sikukusudia ubaya. Kusema kweli, mimi mwenyewe sikuwa na shida na mikebe yako. Ni Lela. Wajua wanawake wa siku hizi, wanataka nyumba iwe kama duka. Tangu televisheni iharibike hakuwa na raha, nami nilikuwa katikati. Nilifanya vile kulinda amani ya nyumba.

Rudi, mama. Nitazungumza naye.

Mwanao,
Mahmud


Umoja, Nairobi
2 Oktoba 1979

Mama Zaitun, shikamoo,

Uliponionyesha barua ya Mahmud Jumamosi, ulisema nisikujibu pale pale, niende nikapoe kwanza. Nimejaribu wiki nzima. Sijapoa.

Mama, mimi sikusema neno moja juu ya televisheni. Ilipoungua nilicheka mpaka nikajificha chooni. Miaka yote tunakula wameielekea kama wako msikitini, hakuna anayeniangalia usoni. Tangu ilale, watoto wameanza kunihadithia mambo ya shule. Bafu lako la miche nililipenda. Nilikuwa nikitoka kazini kupiga chapa mchana kutwa, vidole vinauma, naingia mle, nasikia harufu ya majani mabichi, kama kwa bibi yangu Malindi. Mahmud hakuniuliza hata siku moja. Aliona nimenyamaza, akanijazia maneno anayoyataka yeye.

Nimemwambia. Nimemwambia kwa sauti ambayo jirani wa kulia na kushoto wameisikia. Tangu siku ile anajipikia chai.

Kuna mche mmoja ulibaki nyuma ya mlango wa bafu, ule mfupi. Nimeuweka dirishani. Umechanua, lakini maua yanaanguka kabla hayajashika. Naumia kila nikiyaokota. Nifanye nini?

Mkweo,
Lela


Mowlem, Nairobi
9 Oktoba 1979

Lela mwanangu,

Marahaba. Ua linaanguka kwa mambo mawili, baridi na maji mengi. Usiumwagilie mpaka ukitia kidole udongo uwe mkavu mpaka kwenye pingili ya kwanza. Usiku usiuache dirishani, kioo kinaganda. Ulete katikati ya nyumba, ufunike kwa kanga bila kugusa matawi. Mchana uufuate na jua. Huku hakuna nyuki wengi, kwa hiyo wewe ndiye nyuki. Saa nne, jua likiwa limepanda, tikisa tawi kwa kidole, polepole, kama unayemwamsha mtoto mchanga. Ua litashika.

Yale mengine nimeyasoma. Nami nilikudhania, Lela. Siku nyingi nilikuona umenyamaza, nikasema moyoni, huyu hanitaki. Nilipoisikia sauti ya Mahmud mbele ya karani ndipo nilipoanza kufikiri. Ningekuuliza mapema, tungekuwa wawili mle ndani.

Njoo Jumamosi na watoto. Wajenzi wakishakula, tunakaa.

Mama yako,
Zaitun


Majengo, Mombasa
26 Novemba 1979

Mama yangu,

Hii ni barua ya tatu nakuandikia. Mbili nilizichana. Sina cha kujitetea, kwa hiyo nakwenda kwenye habari.

Mama yake Jumbe sasa anatembea kwa mkongojo. Nilimwambia Jumbe ama yeye amwambie mamake ukweli ama mimi nitamwambia. Akanitazama kama hanijui. Nikamwambia mimi. Yule bibi alilia, mama. Hakujua kwamba kitanda bado ni chako. Jumbe alimwambia umehama kwa hiari yako. Ameamua kwenda Malindi kwa binti yake, na kabla ya kuondoka amefua mashuka yako kwa mikono yake, ingawa nilimkataza.

Chumba kiko wazi. Nimekipaka chokaa. Shule zikifungwa napanda gari la moshi nije kukuchukua, nitafika wiki ya Krismasi. Nimemwandikia Mahmud, naye amenijibu kwa ukali eti huendi popote, amekwishakusafishia chumba cha mbele na kukujengea rafu ya miche uani. Tumeshagombana kwa barua tatu. Tafadhali, mwambie wewe.

Muhiba


Mowlem, Nairobi
8 Desemba 1979

Muhiba na Mahmud, wanangu,

Tena nimenakili mara mbili, vidole vinaniuma, na vina pilipili, kwa hiyo mkiona doa msijipanguse macho.

Chumba cha Mombasa nimesikia. Rafu ya uani nimesikia, na Lela ameniambia imesimama upande. Nimewasamehe wote wawili, na bado siji, si kwa huyu wala kwa yule. Muhiba, ulipomwambia yule bibi kweli ulinipa raha kuliko hiyo chokaa. Mpelekee salamu zangu Malindi, mwambie mashuka ni yake.

Pilipili zimeiva. Hapa huchukua muda, zinakaa kijani mpaka unakata tamaa, halafu asubuhi moja unaona moja imegeuka rangi ya chungwa. Ya kwanza tuliila watatu, mimi, Asenath na Lela. Niliipasua, nikaitia chumvi na ndimu, tukaweka juu ya samaki wa kukaanga. Harufu yake ilitoka mpaka barabarani. Lela alitafuna, pua nyekundu, kisha akasema, "Mama, mbona nilikuwa nakula majani siku zote hizi?" Sasa wajenzi hawali bila pilipili, wananiita Mama Moto. Asenath amenipa meza yangu upande wa mlango. Asubuhi nikiamka kuna watu wananingoja. Hilo sikulipata kwako, Muhiba, wala kwako, Mahmud. Si kosa lenu. Mlinitunza kama mzigo uliofungwa vizuri.

Mahmud alikuja Jumapili. Nikampa kisu, akachambua mbegu bila kuambiwa anawe mikono, akajigusa jicho. Alipiga kelele, tukammwagia maziwa. Kisha akakaa, akala sahani nzima, masikio yamemwiva, na gazeti alikuwa amelikalia. Akaniambia, kwa mdomo, bila stempu, "Mama, nilikosa." Nikamwongezea samaki.

Sasa jambo la Krismasi. Msije wiki hiyo, hamtanikuta. Asenath ananipeleka kwao Bungoma. Mamake ni mzee kuliko mimi, na hajawahi kuonja pilipili mbuzi, anasema lazima aonje kabla hajafa. Nimeshawaambia sili nyama wasiyochinja Waislamu, wamemtafuta mtu wa kuchinja. Nimenunua soksi.

Muhiba, tikiti yako ikiwa imeshakatwa, njoo tu, ulale kwa nduguyo, mmalize ugomvi wenu uso kwa uso. Miche ataitunza Lela. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa jiko, na nimemwambia asimpe mtu.

Mama yenu,
Zaitun